Darasani au mtandaoni? Uzi wa tunaojifunza lugha ya kigeni hapa Uganda

Nesi_Ntinda

Wakuu, habari za jioni.

Kila mtu akiuliza akasomee wapi Kijerumani au Kifaransa, hupewa jibu moja kati ya mawili. Huyu atamwambia aende darasani akapate nidhamu. Yule atamwambia asichome nauli bure, kila kitu kiko kwenye simu. Mimi nimekaa kote. A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, niliisomea darasani hapa Kampala, A2 nikawa na mwalimu wa mtandaoni, B1 nachanganya. Nina hoja moja na sitaki kuizungusha.

Wanaolinganisha darasa na mtandao hulinganisha walimu, na hapo ndipo wanapopotea. Mwalimu hodari utampata kokote, na mvivu vilevile. Kitu ambacho darasa linacho na simu haina ni wanafunzi wenzako, hasa wale wanaokosea.

Nifafanue. Sisi tunaotafuta kazi ya uuguzi Ujerumani kwa kawaida tunahitaji B2, na kabla yake tunapita B1. Mtihani wa B1 wa Goethe, taasisi ya lugha ya Wajerumani, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, ukipata 60 umepita, na ukianguka moja unaweza kuirudia hiyo peke yake. Sasa hiyo sehemu ya kuzungumza kwa kawaida hufanywa na watahiniwa wawili kwa pamoja. Mnapewa jambo la kupanga, tuseme kwenda kumwona mgonjwa: siku gani, zawadi gani, usafiri gani. Kisha kila mmoja anawasilisha mada yake, na mwenzake lazima atoe maoni na amuulize swali.

Chukua mtu ambaye tangu mwanzo amesoma na mwalimu mmoja aliyeko Leipzig. Mwalimu huyo anatamka vizuri, anasema taratibu, ukikwama anakumalizia sentensi. Kazi yake ni kuwasikiliza wageni wakiivuruga lugha yake, kwa hiyo anakuelewa hata pale ambapo mtu wa kawaida angetoka kapa. Unaingia chumba cha mtihani, unapewa kijana anayetetemeka, anameza silabi, kitenzi amekitupa anapojua mwenyewe. Kijerumani cha namna hiyo hujawahi kukisikia maishani. Utamuuliza swali gani na hukumwelewa?

Aliyekaa darasani amekisikia kila wiki. Tena mwenzako asipokuelewa utamwona usoni. Hana sababu ya kukutabasamia, hukumlipa.

Mtandao nao una lake, na si dogo. Darasa la watu 15 likikaa dakika 90, hata mwalimu akinyamaza kabisa, fungu lako la kuzungumza ni dakika 6. Na walimu, tuseme ukweli, hawanyamazi. Ukiwa na mwalimu peke yako, hakuna kosa linalopita bila kushikwa. Goethe wenyewe hukadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kabla mtu hajafika B1. Ukienda Jumamosi tu, vipindi vinne kila mara, hiyo ni miaka miwili hadi mitatu, na hapo hujaugua wala hujafiwa.

Kwa hiyo msimamo wangu: anza darasani, ukishapata watu wawili watatu wa kuzungumza nao hamia mtandaoni, ila hao watu usiwaachie. Karibuni mnipinge.

Boda_Kamwokya

Sista umenena, lakini umeisahau jamu. Kila jioni nabeba wanafunzi wa lugha, na njia nzima wananisukuma, "ssebo, harakisha, nimechelewa." Mtu katoka Mukono saa kumi, anafika kipindi kiko katikati, kalowa, hana hata pumzi ya kusema jina lake. Mvua ikinyesha ndiyo basi kabisa, Kampala yote inasimama. Yule aliyebaki Mukono na simu yake keshamaliza somo na chai kanywa.

Kwenye hesabu yako ya vipindi ongeza na saa za barabarani.

Mzee_wa_Bombo

Wanangu, nawasoma tu.

Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kuliko sisi. Wajukuu zangu waliambiwa masomo yako redioni. Redio ilisema, wao wakacheza mpira. Redio haina macho. Wale wakubwa wenye simu nao walifungua somo, wakazima picha, wakarudi kulala. Mnaposifu masomo ya mbali mkumbuke na miaka ile miwili.

Lakini hata darasa lenu silisifu sana. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Waliokijua walikuwa wamekipata kambini, sokoni na barabarani. Wengine kiliwajia pamoja na bunduki, ndiyo maana mpaka leo kuna nyumba Buganda ukiingia na Kiswahili wanakutazama mikono kwanza. Mwaka 2005 kikaingia katika Katiba kama lugha rasmi ya pili, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likasema kifundishwe shuleni kwa lazima. Maagizo tunayo ya kutosha. Hapa Bombo tunakisema pamoja na Kinubi chetu, na hakuna aliyetupa A wala B. Mtu hushika lugha akiihitaji.

Nesi_Ntinda

Mzee wetu, shikamoo. Haja ninayo, tena ya kunikosesha usingizi. Tatizo ni kwamba Ujerumani hawanipi visa ili nikajifunzie sokoni kwao. Wanataka cheti kwanza. Hata mke anayemfuata mumewe kule kwa kawaida huombwa cheti cha A1 kabla hajapanda ndege. Soko la lugha hiyo hapa Kampala sina, ndiyo maana nalitafuta darasani.

Hilo la kuzima picha umelisema vizuri. Mwanafunzi aliyezima picha katika kundi la watu 20 hayupo.

Fundi_Redio_Jinja

Mimi si mwanafunzi wa lugha, natengeneza redio na simu. Ila mnabishana juu ya walimu na jamu, na sauti yenyewe hamjaigusa.

Simu ya kawaida, ile ya kupiga namba, kwa muundo wake wa zamani hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Irabu zinapita bila shida. Sauti za kupuliza, kama s na f, nguvu yake kubwa iko juu ya hapo, kwa hiyo zinafika zimekatwa kichwa. Ndiyo maana ukitaja jina lako kwa simu mtu anauliza, "F ya Fatuma au S ya Salima?" Kwa lugha unayoijua, ubongo unajaziliza wenyewe. Kwa lugha mpya hauna cha kujazilizia.

Programu za intaneti hupitisha upana mkubwa zaidi wa sauti, ni kweli. Lakini mtandao ukilegea zinaanza kubana, na vipande vingine vinadondoka njiani. Mwalimu anakuambia umetamka vibaya, kumbe umetamka sawa na ni mtandao uliokula nusu ya herufi. Au kinyume chake, ambayo ni mbaya zaidi: anakuambia "vizuri sana" kwa sababu hakusikia kosa.

Ushauri wa fundi ni mfupi. Tumieni hedifoni za waya zenye maikrofoni karibu na mdomo. Mtandao ukiwa mbovu zimeni picha mbaki na sauti. Na matamshi tumeni kwa voisi. Voisi hurekodiwa kwanza ndipo itumwe, kwa hiyo inafika nzima hata ikichelewa. Mazungumzo ya moja kwa moja hayana subira hiyo: kipande kikichelewa kinatupwa.

Nesi_Ntinda

Fundi! Hapo umenifumbua. Kijerumani kina zile ch na sch ambazo mwalimu wangu wa mtandaoni alizipitisha zote, nilipokaa na Mjerumani uso kwa uso akaniambia zote mbili nazitamka kama sauti moja.

Niongeze jambo moja upande wa mtandao lakini. Madarasa yalipofunguliwa baada ya korona tulikaa na barakoa. Kuna irabu za Kijerumani na Kifaransa ambazo siri yake iko kwenye midomo, unaikunja kama unapuliza moto. Huoni mdomo wa mwalimu, utaigaje? Wakati ule aliyekuwa kwenye simu aliuona mdomo wa mwalimu karibu kuliko sisi tuliokaa naye chumba kimoja.

Kijana_HSK_Wandegeya

Nasoma Kichina katika Taasisi ya Confucius pale Makerere. Alichosema Fundi nimekiona kwa masikio yangu. Watu huogopa toni, lakini toni kwa simu hupita, ni sauti kupanda na kushuka tu, na sisi tuliokulia na Luganda hatushtuki sana kwa hilo. Balaa liko kwenye zh na j, sh na x. Kwa mtandao mbovu zote ni mchanga mtupu.

Jambo ambalo hamjalitaja ni mkono. Kwenye simu unaandika kwa herufi za kilatini, inakuletea maumbo, unachagua. Baada ya muda unajua kuchagua, hujui kuandika. Mtihani wa Kichina, HSK, ngazi ya kwanza na ya pili hukuwekea matamshi juu ya kila neno na haukuandikishi. Ukifika ya tatu kuna sehemu ya kuandika, na ukiufanya kwa karatasi hakuna wa kukuletea orodha ya kuchagua. Darasani mwalimu anapita nyuma yako, anaona umeanza na mstari wa chini badala ya wa juu, anakugonga bega. Hakuna kamera inayofanya hivyo.

Na wenye Kifaransa msitupe ushauri wa haraka haraka. Wamarekani wanaofundisha mabalozi wao hukadiria saa 600 hadi 750 za Kifaransa kwa mtu mwenye Kiingereza. Kichina wanakipa saa 2,200.

Mpondwe_Mpakani

Nawasalimu kutoka Kasese. Nyote mnazungumzia kuongea. Mimi navusha mizigo kwenda Beni na Butembo, Kongo, na huko kuongea kwote ni kwa Kiswahili. Muuza samaki Kiswahili, dereva Kiswahili, askari wa kizuizi Kiswahili, akikasirika ndiyo anaongeza Kifaransa kidogo.

Kifaransa nakihitaji kwa karatasi. Fomu za forodha za DGDA, karatasi za ukaguzi za OCC, barua ya benki. Hizo haziongei, zinasomwa. Sasa nikajifunze darasani, nikae mwezi mzima nikijitambulisha jina na umri na rangi ninayoipenda? Nilimpata mwalimu wa mtandaoni, nikampigia picha karatasi zangu halisi nikiwa nimefuta majina na bei, tukazisoma mstari kwa mstari. Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Kifaransa kikafanywa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka huohuo, nikajua karatasi hizi zitakuwa nami mpaka uzeeni.

Kwa hiyo Sista, hoja yako ya wenzako wanaokosea hainihusu. Sina mwenzangu wa kukosea naye. Nina fomu.

Nesi_Ntinda

Ndugu wa Mpondwe, wewe hata mwalimu wa Kifaransa humhitaji, unahitaji karani mwenye subira. Nimekubali, kwa kusoma tu mtandao unatosha na unazidi.

Mwalimu_Isingiro

Nimechelewa kuingia, nilikuwa kipindini. Mimi ni Mkongomani, niko Nakivale, makazi ya wakimbizi, nafundisha Kifaransa kwa Waganda na Kiswahili kwa Wazungu, vyote kwa mtandao. Niko upande wa pili wa kamera, niruhusuni niseme kidogo.

Dada Nesi, hoja yako ni nzuri lakini umeipima kwa Kijerumani. Mtihani wa DELF B1 wa Kifaransa haukukutanishi na mtahiniwa mwenzako. Unakaa na mtahini, mnazungumza, mnaigiza jambo, kisha unatoa maoni yako juu ya maandishi mafupi. Una sehemu nne za alama 25 kila moja, unapita kwa 50 kati ya 100 mradi usishuke chini ya 5 katika sehemu yoyote. Mwanafunzi wangu aliyezoea kuzungumza na mimi peke yangu anaingia pale kama anaingia sebuleni kwangu.

Halafu hili la mwalimu kukuelewa kupita kiasi. Ni kweli, ni ugonjwa wetu. Sikio linazoea. Ila mwalimu anayejua kazi hujifanya kiziwi. Mimi kila baada ya muda namwambia mwanafunzi, leo mimi ni karani wa benki Goma, nimechoka, nataka kwenda kula. Sikusaidii neno. Anatoka jasho. Wengine wamenikasirikia na hawakurudi, na hiyo ni hasara ya mwalimu wa mtandaoni ambayo mwalimu wa darasa haijui: mwanafunzi akichukia, anabonyeza kitufe tu kakupotea. Ndiyo maana walimu wengi mtandaoni wanasifu sifu. Wanalinda chakula chao. Ukiona mwalimu wako hajakukosoa kwa muda mrefu, usifurahi.

Kuhusu gharama, watu wanasema mtandao ni rahisi. Rahisi kwa nani? Zamani tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandao ya kijamii, tangu 2018. Julai 2021 wakaiondoa wakaweka asilimia 12 juu ya bando. Sheria ilitaja data ya elimu na ya tiba kuwa nje ya ushuru huo, lakini ninaponunua bando kwa kijana wa kibanda hakuna anayeniuliza kama naenda kufundisha au kutazama mpira. Nalipa kama wengine. Jua likiwa zuri sola inanibeba, siku tatu za mawingu nafundisha kwa voisi tu. Na niwaambie, wanafunzi wangu wa voisi hutamka vizuri kuliko wa video. Yule wa voisi anajisikiliza, anafuta, anarudia, mara tano, ndipo atume. Wa video anasema mara moja, tunasonga.

Boda_Kamwokya

Mwalimu, hapo kwa "usifurahi" nimecheka mpaka abiria kaniuliza kuna nini.

Nesi_Ntinda

Mwalimu, kwa mtihani wa DELF nakubali. Lakini mimi siendi kuishi ndani ya mtihani. Hospitali za Ujerumani zinachukua wauguzi kutoka Ufilipino, India, Tunisia, Bosnia. Nikipokea zamu ya usiku, huenda anayenikabidhi wagonjwa ni Mfilipino mwenye Kijerumani chake, nami Mganda na changu, na kati yetu kuna mgonjwa wa sukari. Kijerumani kibovu ndicho Kijerumani nitakachofanyia kazi. Mwalimu akijifanya karani aliyechoka bado anakosea kwa ustadi, makosa yake ni ya mtu anayeijua lugha. Makosa ya mwanafunzi hayaigiziki.

Mwalimu_Isingiro

Hilo la makosa kutoigizika nimelikubali. Hata mimi Kiswahili cha Waganda wanaoanza siwezi kukiiga, kila mmoja anakivunja kwa njia yake. L na r peke yake ni somo la juma zima.

Arua_Mjini

Nimesoma toka juu mpaka hapa na naona mnabishana kama watu wenye kuchagua. Darasa la Kijerumani liko Kampala. Kutoka Arua ni karibu kilomita 500, ni basi la usiku. Ukisema "anza darasani" sisi wa huku, na wa Moroto, na wa Kisoro, umetufungia mlango kwa ustaarabu.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Tuko wanne, wawili wauguzi, mmoja fundi umeme, mmoja binti anataka kwenda kulea watoto kule kwa mwaka mmoja. Tumechanga kulipa mwalimu mmoja wa mtandaoni. Tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, laputopu moja, spika moja ya bluetooth, mwalimu anatuona wote wanne tumebanana kwenye kiti. Akimaliza kipindi, sisi hatutawanyiki. Tunaendelea bila yeye, na hapo ndipo kelele inapoanza, kila mtu anamsahihisha mwenzake, nusu ya masahihisho ni makosa mapya. Kesho yake tunamtumia mwalimu yale tuliyogombania.

Kwa hiyo wenzako wanaokosea tunao, Sista. Hatukuhitaji jengo.

Upungufu wetu ni mwingine. Ni sisi kwa sisi. Sasa namjua fundi umeme atasema nini kabla hajafungua mdomo. Kijerumani chake nakielewa kwa sababu nakijua Kilugbara chake. Nikikutana na mtu wa Kampala au Mbarara kwenye mtihani, sijui. Na mtihani lazima tuje Kampala kuufanya, hilo halina mtandao.

Nesi_Ntinda

Banange, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kundi la kiti kimoja na mwalimu wa mbali. Kwa aliye nje ya Kampala sioni njia iliyo bora kuliko hiyo, na hata kwa wa Kampala anayekaa Mukono, kama Boda alivyosema.

Nina wenzangu wawili niliosoma nao A1, bado tunazungumza. Tubadilishane. Mmoja wenu na mmoja wetu, jozi kwa jozi, kwa simu. Sehemu ya kuzungumza ya B1 kama ilivyo: kupanga jambo, kuwasilisha, kuuliza swali. Saa tatu usiku watu wameshakula. Picha tuzime, hedifoni za waya, Fundi asije kutulaumu.

Arua_Mjini

Tumo. Mada za kupanga nani analeta?

Nesi_Ntinda

Kila upande ulete moja, upande wa pili usiijue kabla. Na hakuna kuhamia Kiingereza mkikwama. Anayehamia ndiye atakayenunua bando la wiki inayofuata.

Kijana_HSK_Wandegeya

Wa Kichina je? Nani yuko nje ya Kampala anasoma HSK 3? Natafuta jozi.

Arua_Mjini

Sista, Jumanne haitawezekana, tuna mazishi Vurra. Jumatano?

Nesi_Ntinda

Poleni sana. Jumatano niko zamu ya usiku. Alhamisi.

Arua_Mjini

Alhamisi sawa. Ataanza fundi umeme.